Hiyo Bei Ilikuwa ya Nani?

Jumanne moja shangazi yangu alinipigia simu akiwa na furaha. Alikuwa amefungua simu akakuta hisa zake, alizonunua miaka ya nyuma kwa shilingi 500 kila moja, zimefika 680. Anazo 2,000. Akanituma nimwambie dalali aziuze zote, ada ya mjukuu ipatikane. Alhamisi akapiga tena, sauti imebadilika. "Baba, dalali ananiambia wanunuzi hakuna. Sasa hiyo 680 niliyoisoma ilikuwa ya nani?"

Ilikuwa ya watu wawili asiowajua, waliokwishamalizana.

Anayejifunza mambo ya hisa kwa Kiingereza hukutana na maneno mageni, kwa hiyo anasimama na kuuliza. Sisi tunaojifunza kwa Kiswahili tunakutana na soko, bei, mtaji, faida, dalali, maneno tuliyoyajua tangu tunatumwa dukani, basi tunapita moja kwa moja. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, na mara nyingi wanajikwaa wakiwa na fedha mkononi.

Tuanze na hiyo bei. Kariakoo muuza kanga akitaja bei, kanga ipo mezani na yeye yupo. Ukikubali, umeondoka nayo. Bei inayotangazwa na Soko la Hisa la Dar es Salaam ni kumbukumbu: ni bei ya mauziano yaliyokwishafanyika. Huenda zilikuwa hisa 20 tu, na huenda ilikuwa wiki iliyopita. Kinachomhusu anayetaka kuuza leo ni oda zinazosubiri. Siku ile nilimwomba dalali anisomee za hisa za shangazi. Upande wa wanunuzi kulikuwa na anayetaka hisa 300 kwa 640, na nyuma yake anayetaka 1,500 kwa 610. Upande wa wauzaji kulikuwa na hisa 5,000 zinazosubiri 680, na za shangazi zilikuwa nyuma ya hizo. Wanunuzi walikuwepo, ila hawakuwa wa 680.

Tofauti ya 640 na 680 ndiyo pengo la bei. Pengo likiwa dogo, soko lina watu. Likiwa pana, kila anayeingia au kutoka kwa haraka analipia upana huo. Oda nazo ni za namna mbili. Ukisema "uza kwa bei yoyote iliyopo", umekubali 640 kwa hisa 300, kisha 610 kwa zinazofuata. Ukisema "usishuke chini ya 640", hiyo ni oda yenye kikomo: bei umeilinda, lakini hakuna aliyekuahidi kwamba utauza.

Wataalamu wana neno moja kwa hali hii yote, nalo ni ukwasi. Lina uchokozi wake. Mkwasi mtaani ni tajiri, mtu mwenye mali hata asijue aziweke wapi. Sokoni ukwasi ni wepesi wa kitu kugeuka fedha bila kuangusha bei yake. Kwa hiyo kampuni inaweza kuwa ya wakwasi kweli, yenye kiwanda, magari na faida kila mwaka, huku hisa yake ikiwa haina ukwasi hata chembe. Sababu kubwa hapa kwetu ni kwamba hisa nyingi zimeshikwa na wamiliki wakuu wasiouza. Mwaka 2017, Vodacom Tanzania ilipouzia umma hisa zake kwa shilingi 850, kwa sababu sheria ilizitaka kampuni za simu zifanye hivyo, kilichotolewa kilikuwa robo tu ya kampuni. Sehemu kubwa ya robo hiyo ikinunuliwa na mifuko na watu wa kununua na kuweka, zinazozunguka sokoni kila siku ni kidogo. Miaka iliyofuata hisa hiyo iliuzwa chini ya 850, na aliyetaka kutoka alilazimika kukubali bei ya wachache waliokuwa wakinunua.

Neno mtaji nalo lina mtego wake. Mtaji wa mama ntilie ni fedha aliyoitoa mfukoni akanunua sufuria, mchele na mkaa. "Mtaji wa soko" unaosikika kwenye taarifa za habari ni kitu kingine: ni idadi ya hisa zote za kampuni mara bei ya mwisho. Safaricom ya Kenya ina hisa bilioni 40 na ushee. Bei ikipanda kwa shilingi moja ya Kenya pale Nairobi, mtaji wake wa soko umepanda kwa bilioni 40, na katika sanduku la kampuni haijaingia hata thumni. Hisa zimetoka kwa mwanahisa mmoja kwenda kwa mwingine, basi. Hilo ndilo soko la upili, wanapouziana wanahisa. Soko la awali ni pale hisa zinapouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, na hata huko uliza fedha inakwenda wapi. Safaricom ilipouzwa mwaka 2008, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5, muuzaji alikuwa Serikali ya Kenya, hivyo fedha ilikwenda Hazina. Watu walizigombania, waombaji wakapata sehemu ndogo tu ya walizoomba. Mwaka uliofuata bei ilishuka hadi chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ilivuka 40. Bei hizo zote mbili ni za hisa ileile.

Faida ndiyo inayohitaji karatasi na kalamu. Tuseme kuna kampuni ya saruji yenye hisa milioni 500, na imepata faida ya shilingi bilioni 40 baada ya kodi. Gawanya: faida kwa kila hisa ni shilingi 80. Hiyo si fedha yako bado. Bodi inapendekeza, na mkutano mkuu wa mwaka unaidhinisha, kiasi gani kigawiwe na kiasi gani kibaki kununulia mitambo. Wakisema shilingi 48, hilo ndilo gawio. Mwenye hisa 1,000 anahesabu 48,000, kisha anapokea 45,600, kwa kuwa gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla halijamfikia.

Sasa weka bei. Hisa ikiuzwa 800, ukiigawa kwa 80 unapata 10: unalipa mara 10 ya faida ya mwaka mmoja. Huo ndio uwiano wa bei kwa faida. Gawio la 48 juu ya 800 ni asilimia 6. Hesabu ni nyepesi, na wepesi wake ndio unaoponza. Mwakani bei ikianguka hadi 400, hesabu ileile itakuonyesha gawio la asilimia 12, na vijana mitandaoni watasema ni dhahabu ya kuokota. Lakini 48 hiyo ni ya mwaka jana. Soko limeshusha bei labda kwa sababu linaona mwaka huu gawio litakuwa 15, au hakuna kabisa. Nikiona hisa yenye asilimia kubwa kuliko ya majirani zake, kwanza naangalia bei imeanguka kiasi gani.

Juu ya gawio nina aibu yangu binafsi. Zamani kidogo niliona tangazo kwamba daftari la wanahisa litafungwa Ijumaa, nikanunua Jumatano, nikakaa kusubiri. Gawio halikuja. Nilifanya kosa la anayesoma tarehe moja tu. Ununuzi wa hisa Dar es Salaam hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya biashara, kwa hiyo Ijumaa jina kwenye daftari lilikuwa bado la aliyeniuzia. Tangazo lilikuwa limetaja wazi, mstari mmoja juu, siku ya mwisho hisa kuuzwa pamoja na gawio. Mimi niliuruka. Na hata ningewahi, ada za pande zote, za dalali, soko, mamlaka inayolisimamia na hifadhi ya hisa, hufika karibu asilimia 2 kwa mnunuzi mdogo, na kiasi kama hicho tena siku ya kuuza, kwa hiyo kununua ili kudaka gawio la asilimia 6 na kutoka si biashara ya kujivunia.

Na redio ikisema "soko limepanda", uliza lipi. Dar es Salaam ina fahirisi kuu mbili, yaani vipimo vya mwenendo wa bei za hisa: moja ya kampuni zote, nyingine ya kampuni za ndani tu. Katika ile ya zote zimo kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia huku, kama KCB na EABL, na bei zake hufuata Nairobi. Inaweza kupanda siku ambayo hisa zako zimelala.

Nilimweleza shangazi kuhusu 640 na 610. Alinyamaza kidogo, akataka kujua ada ya mjukuu ni kiasi gani hasa, nikamkumbusha. Akapiga hesabu yake. Ijumaa ziliuzwa 300 kwa 640. Zilizobaki dalali alitaka kuzishushia 610, nikampigia shangazi kumuuliza.

"Mwambie aache hapohapo 640," akasema. "Shule haifunguliwi mpaka tarehe nane."