Saa 24 zinazoamua tiketi ya maili

Mtanzania anayeishi Marekani, akirejea nyumbani kwa tiketi iliyolipiwa kwa maili, aweza kumtembelea nduguye aliyeko Ulaya bila kununua tiketi ya pili. Mpaka ni saa 24. Katika safari za kimataifa, kusubiri chini ya muda huo huhesabiwa kuwa kubadili ndege tu. Muda ukizidi, kila shirika lina sharti lake: Aeroplan ya Air Canada hutoza pointi 5,000 za ziada, ilhali Flying Blue ya Air France na KLM haiongezi maili kwa kituo kimoja.

Hata hivyo, maili si viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania huhitaji viza ya Schengen kutoka uwanjani Amsterdam. Kadi ya kijani ya Marekani haimwondolei sharti hilo.