Kope za Bandia na Usalama wa Jicho

Mwezi Septemba mwaka 2018, Job Ndugai, aliyekuwa Spika wa Bunge la Tanzania, aliwapiga marufuku wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia bungeni. Uamuzi huo ulifuata maelezo ya Faustine Ndugulile, Naibu Waziri wa Afya wa wakati huo, juu ya madhara ya urembo wa namna hiyo. Wako walioliona jambo hilo kuwa la heshima ya mavazi, na wako walioliona kuwa la uhuru wa mwanamke. Makala haya hayakusudii kuamua kati yao. Yanakusudia kujibu swali la kisayansi: kope za bandia huwezaje kulidhuru jicho, na mtu apendaye kuzivaa afanye nini ili asidhurike?

Kazi ya kope

Kope ni nywele fupi zinazoota kwenye ukingo wa ngozi inayofunika jicho. Kwa kawaida kifuniko cha juu kina kope 90 hadi 150, zenye urefu wa milimita 8 hadi 12. Za chini ni chache na fupi zaidi. Kila ukope hukua kwa majuma kadhaa, hupumzika, kisha hudondoka wenyewe na nafasi yake kuchukuliwa na mwingine. Kope zote hazidondoki kwa pamoja. Wakati wowote ule, jirani wawili waweza kuwa mmoja anakua na mwingine anakaribia kuanguka. Jambo hili dogo lina maana kubwa, kama itakavyoonekana hapa chini.

Zaidi ya urembo, kope zina kazi. Ukope ukiguswa hata kidogo, jicho hufumba kabla mtu hajatambua kilichogusa. Tena kope hutuliza upepo mbele ya jicho. Mwaka 2015, watafiti wa chuo cha teknolojia cha Georgia, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kope za wanyama 22 wanyonyeshao. Waliona kwamba urefu wa kope zao hukaribia theluthi moja ya upana wa jicho. Kisha walitengeneza jicho la mfano kwa kibakuli chenye maji, wakalizungushia kope za kuigiza na kulipuliza upepo. Kope zilipokuwa na urefu wa theluthi ile, upotevu wa maji na vumbi lililotua vilipungua hadi kufikia nusu. Kope zilipozidi urefu huo, faida ilianza kupotea, kwa sababu kope ndefu mno huuelekeza upepo ndani ya jicho badala ya kuuepusha.

Jicho la mtu mzima lina upana wa milimita 30 hivi. Theluthi yake ni milimita 10, yaani urefu uleule wa kope za asili. Kwa hiyo mtu avaaye kope za milimita 15 au zaidi asishangae macho yake yakikauka na kuwasha njiani penye upepo na vumbi.

Gundi na mvuke wake

Kope za bandia ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya utepe, ambayo hubandikwa kwenye ngozi asubuhi na kutolewa jioni. Ya pili hubandikwa moja moja juu ya kope za asili, na hukaa kwa majuma kadhaa. Aina hii ya pili huhitaji gundi yenye nguvu, na gundi hiyo aghalabu ni ya jamii ya sianoakrilati, jamii ileile ya gundi ya dukani inayounganisha vyombo vilivyovunjika kwa nukta chache.

Mwaka 1942, mkemia Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak, Marekani, alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Dutu aliyoipata iling'ang'ania kila ilichogusa, ikaachwa. Mwaka 1951 ilichunguzwa upya, na mwaka 1958 ikaanza kuuzwa kama gundi.

Gundi hii haikauki kama rangi ya ukutani ikaukavyo. Ikiwa ndani ya chupa, molekuli zake ni ndogo na kila moja iko peke yake. Ikikutana na unyevunyevu wa hewa au wa ngozi, molekuli hizo huanza kushikana na kufanya minyororo mirefu, na kiowevu hugeuka kuwa kigumu. Kwa hiyo maji ndiyo yanayoiamsha gundi hii. Na jicho daima lina maji. Tone moja likiingia kati ya vifuniko vya jicho laweza kuvigandisha papo hapo.

Kabla minyororo haijakamilika, baadhi ya molekuli huruka hewani kama mvuke unaochoma macho na pua. Aidha, gundi za jamii hii zaweza kutoa fomaldehaidi, kemikali inayofahamika na wanafunzi wa biolojia kwa kuhifadhia vielelezo. Madaktari wa Japani walichapisha mwaka 2012 taarifa ya wanawake walioumia macho baada ya kubandikwa kope. Miongoni mwa madhara waliyoyataja yalikuwa uvimbe wa konea na wa utando wa jicho, ambao waliuhusisha na fomaldehaidi ya gundi, na mzio wa ngozi ya kope.

Basi wakati wa kubandikwa, macho hayana budi kufumbwa kabisa, na chumba kiwe na madirisha yanayopitisha hewa. Gundi ijaribiwe kwanza kwenye ngozi, kama vile nyuma ya sikio, siku moja au mbili kabla. Hata hivyo jaribio hilo si dhamana ya milele, kwani mzio waweza kutokea hata kwa mtu aliyeitumia gundi hiyohiyo mara nyingi bila tatizo.

Hesabu ya uzito

Mwalimu wa fizikia aweza kuitumia kope kama mfano wa wenzo. Tuchukue kope mbili za bandia zilizotengenezwa kwa dutu moja. Ikiwa ya pili ina kipenyo mara mbili ya cha kwanza, uzito wake ni mara nne, kwa maana eneo la mkato hutegemea mraba wa kipenyo. Ikiwa kipenyo ni kilekile lakini urefu ni mara mbili, uzito huongezeka mara mbili, na kitovu cha uzito nacho husogea mbali na shina mara mbili. Hivyo nguvu ya kuupinda ukope wa asili kwenye shina lake huwa mara nne. Mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Kwa saa 16 za kuwa macho, hizo ni mara 14,400. Shina linalovutwa kwa uzito mkubwa kila siku, mwezi baada ya mwezi, hudhoofika, na mwisho laweza kushindwa kuotesha ukope mwingine.

Kwa sababu hiyo kanuni ni ukope mmoja mwepesi wa bandia juu ya ukope mmoja wa asili, na gundi isiguse ngozi. Kope mbili za asili zikigandishwa pamoja, ule unaokaribia kudondoka humng'ang'ania jirani anayekua na kumng'oa kabla ya wakati wake.

Usafi

Madhara mengi hutokana na uchafu, na uchafu hutokana na hofu. Mtu aliyelipa fedha kwa kope zake huogopa kuzilowesha zisije zikabanduka, akapitisha siku nyingi bila kunawa vizuri. Kumbe kwenye ukingo wa kope kuna matundu ya tezi zinazotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke upesi. Jasho, vumbi, mafuta na rangi vikirundikana hapo, matundu huziba, bakteria huzaliana, na utitiri mdogo uitwao Demodex, ambao huishi kwenye mashina ya nywele, huongezeka. Ukingo wa jicho huwa mwekundu, huwasha, na hutoa magamba.

Baada ya siku ya kwanza, ambayo gundi huhitaji ili ikomae, maji hayana madhara. Kope zioshwe kila siku kwa maji safi na sabuni laini isiyo na manukato, macho yakiwa yamefumbwa, kisha zikaushwe kwa kitambaa safi bila kusuguliwa. Wanja, brashi na kope za utepe visiazimwe, hata kati ya ndugu. Kope za utepe zitolewe kabla ya kulala.

Wakati wa kuondoa zilizobandikwa moja moja, mtu asizivute kwa vidole. Arudi kwa mtaalamu aliyezibandika, azitoe kwa dawa ya kulainisha gundi. Asetoni, ambayo hutumika kuondolea rangi ya kucha, isikaribishwe kabisa kwenye jicho.

Dalili za hatari

Kuwasha kidogo kwa saa chache huenda kukapita. Lakini maumivu, wekundu usiopungua, usaha, uvimbe wa kifuniko, ukungu wa kuona au jicho kushindwa kustahimili mwanga ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo. Gundi ikiingia jichoni, mtu asilazimishe kulifungua. Aoshe kwa maji mengi safi yasiyo moto kwa robo saa, kisha aende kwa daktari. Ajali hii imewahi kuwapata hata watu wasiovaa kope za bandia, walioichukua chupa ndogo ya gundi wakidhani ni dawa ya macho. Chupa hizo mbili zisihifadhiwe mahali pamoja, na maandishi yasomwe kabla ya kufungua kifuniko.