Uwindaji: teke la bunduki linaumiza bega, lakini linaharibu zaidi shabaha

Kila mwindaji ambaye amepiga kalibre 12 anajua teke lake. Kartushi inalia, kitako kinagonga bega, na jioni mkono unakuwa muzito. Wengi wanaona maumivu hayo ni sehemu ya kazi. Lakini hasara kubwa haiko kwenye bega. Mtu ambaye bunduki imemuumiza mara mbili anaanza kufumba macho na kukaza mwili mbele risasi haijatoka. Mtutu unayumba, nyama anapigwa tumbo au mguu, naye anaenda kufia mbali katika pori. Akiwa ni nyati, anaweza kumugeukia mwindaji.

Sababu ya teke ni rahisi. Nguvu inayosukuma risasi mbele inasukuma pia bunduki nyuma. Kartushi yenye gramu 36 za risasi ndogo-ndogo inapiga bega kuliko ile ya gramu 28. Uzito wa bunduki nao una maana: kwa kartushi ya namna moja, bunduki ya kilo 4 inapunguza nguvu ya teke kwa robo hivi kuliko ile ya kilo 3. Bunduki nyepesi inapendeza kubeba siku nzima, lakini ndiyo inaumiza zaidi wakati wa kupiga.

Mfano mumoja uko karibu na kwetu. William Bell, Muskoti aliyezaliwa mwaka wa 1880 na kuitwa “Karamojo” kwa sababu ya safari zake katika Karamoja, inchi ya Uganda, aliwinda pia katika Lado. Eneo hilo lilikuwa mikononi mwa mfalme Leopold wa Pili mpaka kifo chake Desemba 1909. Kisha kipande chake cha upande wa Mahagi kikabaki Kongo. Wazungu wengi wa wakati ule walibeba bunduki kubwa sana kwa ajili ya tembo. Bell aliua tembo zaidi ya 1.000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Alijua vizuri fasi ubongo wa tembo unapatikana, na bunduki yake haikumutisha. Leo tembo analindwa na sheria, na hakuna wa kumuiga Bell kwa hesabu hiyo. Lakini somo la bega lake linabaki: risasi ndogo iliyofika mahali pake inashinda kubwa iliyopigwa kwa woga.

Ufanye nini basi? Kwanza, weka kitako katika shimo la bega, chini ya mufupa wa shingo, wala si juu ya mufupa wenyewe. Kikamate kwa nguvu: nafasi ikibaki kati yake na bega, bunduki inapata mwendo na kugonga kama nyundo. Bandika shavu kwenye mbao, tanguliza mguu mumoja, na egemea mbele kidogo. Mpira munene nyuma ya kitako unasaidia sana. Ziba masikio pia, maana mulio mukali unafanya teke lionekane kubwa zaidi. Kuna kifaa kinachofungwa kwenye mudomo wa mtutu ili kupunguza teke, lakini kinaongeza mulio na kuumiza masikio ya wenzako.

Wakati wa mazoezi, tumia kartushi nyepesi na piga mara chache tu. Kisha jipime mahali salama, penye ukuta wa udongo nyuma ya shabaha. Mwenzako akupakilie bunduki bila wewe kuona: mara kartushi nzima, mara ganda lililokwisha kutumika. Bunduki isipolia na mtutu ukaruka, si bunduki iliyoruka. Ni wewe.

Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inaomba permi. Pori nalo linaomba mkono uliotulia. Mwenye kukosa kimoja, abaki nyumbani kwanza.