Teke la Bunduki Likikosa Bega

Ukitoka uwanja wa ndege wa Bangboka, kilomita zipatazo 17 mashariki mwa Kisangani, barabara yazama msituni kuelekea Bafwasende. Mwindaji wa upande huo, na kaliba 12 yake ya mtutu mmoja, hana meza ya kulengea. Hufyatua akiwa amesimama. Bunduki ikipiga teke, bega larudi, kiuno chapinda, mguu wa nyuma wasogea: mwili mzima umekuwa springi.

Anayepasua kitako cha bunduki mara nyingi ni mwenye kutafuta raha.

Wapiga shabaha wa Marekani wana kiegemeo cha chuma ambacho hupokea kisigino cha kitako mahali pa bega, kisha hulemezwa kwa mifuko ya risasi (madini yenyewe, si ile inayoua). Baadhi ya viegemeo hivyo hubeba hadi kilo 45. Mpigaji hasikii kitu, na hapo ndipo hudhani kwamba teke limekwisha.

Halijaisha. Chukua kaliba ya .375 iliyobuniwa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, ambayo hadi leo wawindaji wa nyati Tanzania wanaipenda. Risasi yake ya gramu 19 hivi huirudisha bunduki ya kilo 4 kwa mwendo unaozidi mita 5 kwa sekunde, yaani nishati ya jouli zaidi ya 50. Bega likiipokea kwa kurudi sentimita 5, kani ya wastani ni kama uzito wa kilo 110. Ikisimamishwa ndani ya sentimita 1, inafika kilo 550. Nishati ile ile imenyimwa nafasi, na kilichobanwa katikati, baina ya chuma kinachorudi na chuma kisichosogea, ni mti.

Mti huo una udhaifu wake shingoni, pale mkono unaposhika. Ni pembamba, pamechongwa nafasi ya kifyatulio, na nyuzi zikikatiza kwa mshazari, ufa hupata njia. Wajerumani walilijua tatizo mapema: Mauser 98 ina bolti ya chuma inayokatiza kitako ili mti usipokee pigo peke yake.

Kiegemeo hakina budi kutupwa? La. Kiwekewe uzito kidogo, kiachwe kiteleze juu ya meza. Kwa kaliba kubwa, bora mfuko wa mchanga chini ya mti wa mbele, bega nyuma, na mpigaji ainuke badala ya kulalia meza.

Anayeshuku kitako chake akitoe chuma, apanguse mti kwa spiriti nyuma ya ulimi wa chuma, yaani mkia wake unaolala shingoni. Spiriti hukauka upesi kila mahali ila ndani ya ufa, ambao hubaki kama mstari mweusi. Ukiwa mfupi, fundi huuingizia gundi ya epoksi na kuupigilia kijiti, kisha huchonga upenyo mwembamba nyuma ya ulimi ili chuma kisiugonge mti tena.