Asilimia 40 ya Nini? Mkupuo wa Mwalimu wa Kirumba kwa Shilingi

Bajeti ya Tanzania ya 2024/25 ilipandisha mkupuo, yaani fedha anazolipwa mstaafu kwa mara moja, kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa kundi la mkupuo wa asilimia 50. Asilimia 40 ya nini? Si ya michango, wala si ya mshahara.

Tuseme mwalimu wa Kirumba, Mwanza, ametumikia miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara wake wa miaka mitatu bora ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 12,000,000. Zidisha kwa 360, gawanya kwa 580: takriban 7,448,000. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake huzidishwa kwa 12.5 kupata mkupuo. Asilimia 60 iliyobaki hugawanywa kwa miezi 12.

Kwa asilimia 33 angepokea milioni 30.72 na kubaki na 415,900 kila mwezi. Kwa 40 anapokea milioni 37.24, na kila mwezi 372,400. Ameongezewa milioni 6.5 leo na kupunguziwa shilingi 43,400 na ushee kila mwezi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: miezi 150. Akistaafu na miaka 60, hesabu zinalingana akiwa na 72 na nusu; akiishi zaidi ya hapo, kila mwezi ni hasara kwake. Aliye na deni la benki au nyumba isiyoezekwa kule Buswelu ana sababu nzuri ya kutaka zile milioni sasa. Lakini aambiwe bei yake.

Uwekezaji wa mfuko wa pensheni nao uelezwe hivyo hivyo. Rock City Mall, jirani na Kirumba, ilijengwa na mfuko wa pensheni wa LAPF kwa ubia na Jiji la Mwanza. LAPF ni mmoja wa mifuko minne iliyounganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mwaka 2018. Kodi za maduka yale hazimo kabisa kwenye kikokotoo, yaani ile kanuni ya hesabu hapo juu. Zinahusu jambo jingine zito: uwezo wa mfuko kulipa, pamoja na michango, ambapo mwalimu anachangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri 15.

Kwa hiyo taarifa ya kila mwanachama aliyefikisha miaka 50 ionyeshe mkupuo wake kwa shilingi, pensheni yake kwa shilingi, na chini yake faida ya uwekezaji wa mfuko mwaka huo baada ya kutoa mfumuko wa bei. Ukurasa mmoja unatosha.