Sala ya Kiswahili Katika Mchezo wa Kompyuta

Wazazi wengi huichukia michezo ya kompyuta kwa sababu ya kelele zake. Nyumba nzima hujaa milio ya risasi na magitaa ya umeme ya muziki wa roki, hata mama akiita jikoni mtoto hasikii. Hata hivyo, upo mchezo mmoja ambao wimbo wake wa ufunguzi ungemfanya mama huyo aache mwiko chunguni, asogee na kusikiliza. Wimbo huo ni wa Kiswahili, na maneno yake ni sala.

Mchezo wenyewe huitwa Civilization IV, nao ulitolewa Marekani mwaka 2005. Mchezaji hukabidhiwa taifa changa, akaliongoza tangu miaka 4000 kabla ya Kristo hadi zama hizi: hujenga miji, hutafuta elimu, hufanya biashara na jirani au hupigana naye. Mbuni mkuu wake, Soren Johnson, alimwomba wimbo Christopher Tin, ambaye waliwahi kuishi pamoja walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Tin ni mzaliwa wa California, na wazazi wake walitoka Hong Kong. Aliuita wimbo wake Baba Yetu. Maneno ni Sala ya Bwana, yaliyopangwa na Chris Kiagiri ili yafuate muziki, na waimbaji wa kwanza walikuwa kundi la wanafunzi wa Stanford liitwalo Talisman.

Mwaka 2009 Tin aliutia wimbo huo katika sahani yake Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 katika lugha 12, na safari hii uliimbwa na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini. Tarehe 13 Februari 2011, toleo hilo likatunukiwa Grammy kwa mpangilio wa ala zinazosindikiza waimbaji. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwamba muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta upate tuzo hiyo.

Msomaji wa Busia au Tororo hataona ugeni katika umbo la wimbo huu. Sauti moja hutangulia, kundi huitikia, ngoma zikapanda, na mwisho wote huimba kwa pamoja. Ndivyo ziimbavyo kwaya zetu makanisani, na ndivyo waimbavyo askari wakiwa katika mwendo mrefu: mmoja hutoa, wengine hupokea, na miguu hufuata.

Lakini kwa upande wa Uganda jambo hili lina uzito zaidi. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari tangu siku za King's African Rifles. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika miaka ile ya taabu raia wengi walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka katika kinywa cha mwenye bunduki. Wazee waliokisikia hivyo hawakukipenda, wala si haki kuwalaumu. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, mwaka ule ule wa mchezo tuliousimulia, Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Hata hivyo, sheria hufungua mlango tu. Moyo huingia kwa hiari yake.

Watu wa mpakani walikwisha kuingia zamani. Msamia ana ndugu pande zote mbili za Busia, na Mteso vilevile. Lakini wakikutana sokoni na Mjapadhola wa Tororo au Mluhya wa ndani ya Kenya, bei ya samaki hukatwa kwa Kiswahili. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa huku, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, nalo sasa linatumika Afrika Mashariki nzima. Kadhalika katika makambi ya askari na polisi, ambako familia za makabila mengi huishi ukuta kwa ukuta, watoto hucheza na kugombana kwa Kiswahili. Kwao hiyo si lugha ya amri. Ni lugha ya nyumbani.

Basi watoto hao waambiwe kwamba lugha wanayocheza nayo uani imesikika duniani kwa njia ya sala. Kwaya za ng'ambo huwabidi wafundishwe kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto wa kambini hulijua hilo kabla ya kuanza shule.

Kwa hiyo, mzazi, siku mwanao atakapoketi mbele ya kompyuta au simu, kwanza hakikisha maji yameletwa na kazi ya shule imekwisha. Kisha mwombe akuwekee wimbo huu. Sikilizeni pamoja, umweleze maneno, naye akueleze mchezo. Huenda babu yake, aliyekuwa akiifahamu lugha hii kwa sauti ya kizuizini tu, akaisikia kwa mara ya kwanza ikiomba msamaha na mkate wa kila siku.