Maji ya Kijani Katika Bwawa la Samaki

Mtu achimbaye bwawa la samaki katika mabonde ya Kibaha, au chini ya vilima vya Kisarawe, hupata furaha nyingi mwaka wa kwanza. Maji hutulia, vifaranga vya perege hukua, na watoto huja kutazama watokapo shule. Kisha, mara nyingi katika siku za joto kali kabla ya masika, maji hugeuka rangi. Huwa ya kijani kama mboga iliyopondwa, au nyuzi laini mfano wa nywele huota chini na kuelea juu kwa mafungu. Mwenye bwawa huona haya, maana huonekana kama mtu asiyefagia ua wake, naye huuliza ni dawa gani itakayoua uchafu huo kwa siku moja. Katika mazungumzo haya twataka kueleza kwa nini dawa ya siku moja ni ya hatari, na ni kazi gani ifaayo kufanywa badala yake.

Kwanza yafaa kujua ule ukijani ni nini. Si tope wala si kutu, ni mimea. Jina lake ni mwani, ingawa sisi wa pwani jina hilo tumelizoea zaidi kwa mwani wa baharini, ule unaolimwa Unguja kwa vigingi na kamba. Mwani wa bwawani huonekana kwa namna mbili. Namna moja ni mdogo mno, hata mmoja mmoja hauonekani kwa macho, lakini ukizidi huyatia maji yote rangi. Namna ya pili ni zile nyuzi ndefu zenye utelezi. Kama mahindi yatakavyo jua na samadi, ndivyo mwani utakavyo mwanga na chakula. Chakula chake ni naitrojeni na fosforasi, vitu vile vile vilivyomo katika mbolea ya shambani. Navyo huingia bwawani kwa njia tuzijuazo: samadi tuliyotia kupita kiasi, pumba zisizoliwa na samaki zikaoza chini, kinyesi cha bata, na maji ya mvua yaliyopita zizini kabla ya kufika bondeni.

Mwani huo si adui mtupu. Mchana, jua likiwaka, huyatia maji oksijeni, ile hewa ambayo samaki huivuta kwa mashavu yake. Tena perege huula, hata bwawa lenye ukijani wa kadiri hulisha samaki wake bila gharama kubwa. Taabu huanza usiku. Gizani mwani hauwezi kutoa oksijeni, bali nao huivuta kama samaki wavutavyo, na hewa ya majini hupungua saa hata saa mpaka alfajiri, wakati iwapo kidogo kabisa. Ndiyo sababu samaki wa bwawa lililozidi ukijani huonekana asubuhi na mapema wakipanua vinywa juu ya maji. Hatari huwa kubwa zaidi mawingu mazito yakifuata siku nyingi za jua, kwa kuwa mchana wa mawingu huweka akiba ndogo ya kupitishia usiku.

Mwani ukifa wote kwa mara moja hatari hiyo huzidi, na jambo hili sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Katika chuo tulichokuwa tukifundisha palikuwa na bwawa dogo lililojaa nyuzi. Tulikuwa tumesoma kwamba mrututu, ile chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, huua mwani. Na ni kweli huua, maana tangu mwaka 1904 wataalamu wa Marekani waliandika habari za kuutumia katika maji ya miji. Tukaufunga katika kitambaa na kuuburuta majini toka ukingo hata ukingo, wala hatukupima sawasawa. Siku ya pili nyuzi zilikunjamana, tukajisifu. Siku ya tatu alfajiri maji yalikuwa ya kijivu yenye harufu, na perege walielea matumbo juu. Shaba yenyewe ni sumu kwa samaki, hasa katika maji yasiyo na chokaa. Na vile vitu vilivyoufanya mwani uoze, yaani bakteria, vilikuwa vimekula hewa yote iliyosalia. Wanafunzi waliokuwa wakiwalisha samaki kwa zamu kila jioni ndio waliowafukia chini ya migomba. Baada ya majuma machache nyuzi zilirudi, kwa maana chakula chake tulikiacha palepale chini ya maji.

Basi twaanza kwa kupima. Ingia ukingoni mchana, jua likiwa juu, kunja ngumi isipokuwa kidole kimoja, nawe utie mkono majini polepole. Kidole kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, ukijani umezidi. Kikipotea maji yafikapo kiwiko, ni kadiri nzuri. Kikionekana hata baada ya kiwiko kuzama, bwawa lina njaa, laweza kuongezwa samadi kidogo. Kipimo hiki ni ndugu wa kipimo cha Padre Angelo Secchi, mwanafalaki wa Roma, ambaye mwaka 1865 alishusha sahani nyeupe katika bahari ya Mediterania kutoka katika merikebu ya Baba Mtakatifu, apate kujua jicho lafika wapi majini. Wenye kupima maziwa na bahari hutumia sahani ya namna hiyo hata leo. Lakini angalia rangi ya maji pia. Baada ya mvua kubwa udongo mweupe wa vilima vya Pugu waweza kuyatia maji utusitusi, na hapo kidole hupotea kwa tope, si kwa mwani.

Kipimo kikionyesha ukijani umezidi, acha samadi kabisa. Pumba nazo zipunguzwe: watie samaki kiasi wanachomaliza kwa muda wa robo saa, wala usimimine debe zima kwa kuwa unakwenda safari. Chimba mfereji mdogo juu ya bwawa, ili maji ya zizini na ya njiani yapite kando. Ikiwa kuna kijito, fungulia maji mapya, uyaache yale ya zamani yatoke. Nyuzi zivutwe kwa reki au kwa mti wenye matawi, sehemu moja leo na nyingine kesho, zikatupwe mbali na ukingo. Zikiachwa ukingoni mvua huzirudisha na chakula chake chote, lakini zikipelekwa kwenye mchicha hufaa sana. Kila fungu liondokalo hutoa bwawani naitrojeni na fosforasi ambazo dawa haiwezi kuziondoa.

Tena tazama kina cha maji. Nyuzi hupenda mahali pa kina kifupi, ambapo mwanga hufika chini. Kingo zikichimbwa hata maji yafike kina cha futi 2 au 3, hazipati pa kuanzia. Ukikausha bwawa baada ya kuvua, ondoa tope jeusi la chini ulipeleke shambani.

Hapo ndipo huja kazi ya walaji. Perege hupunguza ule mwani mdogo, ingawa nyuzi ndefu zilizokomaa huzipita. Wako watu katika nchi za mbali wanaoweka samaki wa bahari na matumbawe hai ndani ya sanduku la kioo sebuleni, nao hutaabika kwa mwani kama sisi. Hupunguza chakula na saa za taa, hubadili maji, na hutia konokono wa kutafuna mwani. Konokono sisi hatushauri hata kidogo, kwa kuwa wako konokono wa maji baridi wanaochukua kichocho, ugonjwa uliotesa watoto wengi wa mkoa huu. Heri kufyeka majani ya ukingoni wasipate maficho. Lakini kwamba walaji ni jambo kubwa, bahari yenyewe imeonyesha. Huko Jamaika watu walivua mno samaki walao mwani, kazi ikabaki kwa fukufuku, wale wenye miiba mirefu. Mwaka 1983 fukufuku hao walikufa kwa maradhi, na mwani ukayafunika matumbawe. Mwaka 1977 matumbawe yalifunika kama nusu ya miamba iliyopimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalibaki kiasi cha sehemu 3 katika 100.

Iko namna moja ya ukijani isiyo na mzaha. Huelea kama rangi ya mlango iliyomwagika juu ya maji, na mara nyingi hunuka. Kwa asili yake ni jamii ya bakteria, na nyingine katika jamii hiyo hutoa sumu. Mwaka 1878 George Francis aliandika habari za wanyama wa kufugwa waliokufa huko Australia kwa kunywa maji ya ziwa lenye utando kama huo. Kuchemsha maji hakuondoi sumu hiyo. Twalisema hili kwa mkazo kwa sababu sisi walimu tumefundisha miaka mingi kwamba maji yaliyochemshwa ni salama, na katika baadhi ya vijiji lambo moja hunywesha ng'ombe na watu. Utando huo ukionekana, wanyama wazuiwe, watoto wasioge humo, na maji ya kunywa yatafutwe mahali pengine mpaka utoweke.

Nawe ukikuta samaki wako wanapanua vinywa alfajiri, usiwatupie pumba ukidhani wana njaa. Tia maji mapya upesi, yakianguka kutoka juu ili yachukue hewa. Pasipo kijito, chota maji ya bwawa lenyewe kwa ndoo na kuyamwaga tena kwa nguvu, watu wawili au watatu wakipokezana, hata jua lichomoze na mwani uanze kazi yake ya mchana. Siku hiyo usiwalishe, wala usirudishe samadi mpaka kipimo cha kiwiko kiwe sawa tena.